Pua ya Minza

Duka langu la vitenge hapa Kahama lina mlango na lina dirisha. Mlangoni wanaingia wasionukia. Wanaonukia nawahudumia dirishani, na upepo ukiwa upande wao nawaomba wasogee nyuma kidogo, tuzungumze kama watu wanaouziana ng'ombe kila mmoja ng'ambo yake ya mto. Wateja wapya hudhani ni kiburi. Wa zamani wamezoea, na wapo wanaojipulizia marashi makusudi kwa kuwa wamegundua kwamba dirishani nashuka bei haraka. Hawajakosea. Mtu ambaye kichwa kimeanza kumgonga hana muda wa kuapa kwa jina la mama yake kwamba mzigo wenyewe kaununua ghali. Mama Pili, jirani yangu anayeuza vyombo, anasema mimi ndiye mfanyabiashara pekee mjini anayeweza kuporwa kwa chupa ya manukato. Yeye ndiye ninayemtumia siku hizi. Ikinijia harufu tamu na simwoni mwenye nayo, nampigia kelele, "Mama Pili, unanusa?" Akijibu "nanusa," nafunga mlango na kukaa nyuma, kwenye hewa. Akijibu "sinusi," naacha mkasi, nasogea mbali na meza, nalala chini kwa ubavu kwenye kapeti, kwa sababu harufu hiyo inatoka ndani ya kichwa changu na kinachofuata ni kuanguka. Ndivyo nilivyopangiwa: nina kifafa tangu usichana, na kifafa changu kinabisha hodi kwa harufu ya sabuni ya wageni iliyofungiwa kwenye sanduku la bati. Juu yake nimeongezewa kipandauso, ambacho hakibishi hodi, kinaletwa na marashi ya watu. Harufu ya ndani na harufu ya nje, zikishafika kichwani mwangu, zote zinavaa sare moja. Kuzitofautisha kunahitaji pua ya mtu mwingine.

Wiki iliyopita ikanijia. "Mama Pili, unanusa?" Akajibu kabla sijamaliza, "Nanusa! Nani huyo kavunja chupa?" Nikachungulia dirishani, nikamwona mwanamke mnene aliyejifunga khanga ya kufiwa iliyopauka, kasimama juani na mkoba kaukumbatia, anatabasamu kwa ule upande mmoja wa mdomo ambao ningeutambua hata gizani. Minza. Miaka tuliyopotezana nimeihesabu mara mbili na mara zote imekuwa mingi. "Mwangaluka, Kabula," akasema, salamu ya kwetu ya asubuhi, ingawa jua lilikuwa limepita utosi. Nikamwambia, "Minza, simama hapo hapo. Umejimwagia au umeogea?" Tabasamu likaisha. "Nimezidisha?" akauliza. "Sijui, Kabula. Nilipata mafua makali mwaka juzi, mafua yakaondoka na pua. Sinusi kitu. Maharage yanaungua naambiwa na majirani." Nilishika ukingo wa dirisha nikaanza kucheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Pua ile! Kuna wanaowaonea wenzao gere kwa ajili ya nyumba, wengine kwa ajili ya mume au watoto waliofaulu. Mimi nilitumia mwaka mzima wa ujana wangu kuionea wivu pua ya mwanamke huyu. "Nimekuja unifanyie kazi moja," akasema. "Ya pua. Hakuna mwingine wa kunifanyia."

Mwaka ninaousema tulikuwa Mwakitolyo, machimboni, mimi na yeye tukiwauzia chakula wachimbaji. Jiko letu lilikuwa turubai la bluu juu ya nguzo nne, mafiga matatu, na mabenchi ambayo kila mvua iliyapunguza urefu. Minza alishika moto. Mimi na moto tulikuwa tumekatazwa kukaa pamoja, maana mwenye kifafa akiangukia jikoni habari yake huwa fupi, kwa hiyo nilishika sahani, wateja na mdomo. Ugali, dagaa, mlenda, na asubuhi michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na karanga. Nilihesabu sahani zikitoka na kuzihesabu zikirudi, kwa sababu mchimbaji ni mtu mwema lakini sahani ya bati ikikaa vizuri mkononi anasahau kwamba ina kwao. Vumbi la karasha, ile mitambo ya kusagia mawe, lilitua juu ya kila kitu. Dizeli ilinuka, jasho lilinuka, mbuzi walinuka. Na mimi sikuumwa kichwa hata kidogo. Mtu wa nje hataelewa. Nilikotoka, kwa kaka yangu na kwa majirani zake, kila mwanamke alikuwa na losheni yake na kila sebule ilikuwa na kipulizio chake, nami nililala chumba cha nyuma na kitambaa usoni. Machimboni marashi yalikuwa marufuku. Wachimbaji waliamini kwamba dhahabu ina pua: ikinusa manukato inazama, inawaachia mawe matupu. Asiyejua aliyesogelea mdomo wa duara, yaani shimo lao, akiwa ananukia, alifukuzwa kama mwizi. Hata sabuni ilikuwa ya mche tu, ya kufulia. Nilipoelezwa sheria hiyo nilitaka kupiga vigelegele. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kitu cha thamani kinachosumbuliwa na kilekile kinachonisumbua mimi.

Mapatano yangu na Minza tuliyafanya siku ya kwanza nilipoanguka pale. Wateja walikimbia; walikuwa wameambiwa kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa unaurithi ugonjwa, na mmoja alikimbia na sahani. Minza hakukimbia. Alinigeuza ubavu, akanilaza kichwa kwenye khanga yake, akakaa chini kando yangu na mwiko mkononi akiwafukuza watazamaji. "Ondokeni! Hii siyo sinema!" Nilipozinduka kitu cha kwanza nilichosikia ni yeye akigombana na mtu kuhusu kiporo. Jioni ile, tukiosha vyombo, nikamweleza harufu inayonitangulia. Akafikiri, akasema, "Basi uwe unaniuliza. Ukinusa kitu, niulize kama na mimi nanusa. Nikisema sinusi, lala." Lilikuwa jambo dogo kama kukopeshana chumvi. Lakini hebu fikiria: wengine wanamtegemea mwenzao kwa mkono au kwa mgongo, mimi nilimtegemea kwa kupumua. Alikuwa na pua fupi, pana, isiyo na maringo, na ilikuwa kali. Alijua samaki aliyelala siku moja zaidi kabla mfuko haujafunguliwa. Nilimtazama akiinama juu ya sufuria, mvuke wa vitunguu unamwingia, anafumba macho kwa raha, nami nikawaza kwamba mwanamke huyu anaingiza dunia nzima kichwani bila kulipa ushuru. Wivu ulianzia hapo, kabla hata hajatokea mwanamume wa kuusingizia.

Mwanamume akatokea. Ramadhani, kijana wa Kigoma, mrefu, mwenye adabu, na alibeba kisanduku cha mbao chenye vichupa vya mafuta mazuri aliyoyachanganya mwenyewe. Kati ya biashara zote zilizoumbwa na Mungu, hiyo ndiyo aliyoileta mahali ambapo manukato ni kosa. Aliwauzia kwa kificho wanawake wa barabarani, mbali na maduara, na njia yake ikapita mbele ya turubai letu. Siku ya kwanza nilimsikia kabla sijamwona. "Minza, unanusa?" "Nanusa," akasema, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikukipenda. "Karafuu. Na waridi. Na kitu kingine sijui." Ramadhani akafika kwenye gogo tuliloliweka mpakani.

"Shemeji, hujambo?"

"Shemeji kwa nani? Simama hapo kwenye gogo. Usivuke."

"Nina njaa, shemeji."

"Njaa yako naiona. Harufu yako ndiyo inayotangulia mezani. Utakula huko huko."

Akala amekaa juu ya gogo kama mtu aliyefungiwa nje na mkewe, na kila aliponyanyua macho alimtazama Minza. Kesho yake akarudi. Kesho kutwa akarudi. Kichwa changu kikaijua harufu yake kama ninavyojua mlango wa kwetu: haikunigonga mbele kama marashi ya dukani, ilizunguka ikaja kukaa nyuma ya jicho la kushoto, karafuu ikiwa ya mwisho kufika na ya mwisho kuondoka. Halafu siku moja akaja, akavuka gogo, akaketi kwenye benchi, nami nikajiandaa kumtimua, nikagundua kwamba hanukii chochote. Kisanduku alikiacha kwa mwenyeji wake. Alikuwa ameoga kwa sabuni ya mche mpaka ngozi imepauka. "Nimekuja kula kama watu," akasema. Ningekuwa mtu mwema ningefurahi. Lakini nilifanya hesabu, kisha nikairudia: mwanamume huyu kaacha kunukia ili akae karibu na Minza, siyo ili mimi nisiumwe. Faida ilikuwa yangu, nia haikuwa yangu. Nikampa ukoko.

Baada ya hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza kunichezea. Nilikuwa napanga sahani, harufu tamu inanijia, nauliza, "Minza, unanusa?" naye bila kugeuka anasema, "Sinusi." Naweka sahani, naenda kulala ubavu nyuma ya magunia ya mkaa. Nasubiri. Hakuna kitu. Kichwa tu kinagonga mpaka jioni. Ikawa leo, ikawa keshokutwa, ikawa kila Ramadhani anapopita kununua uji. Nilihesabu vidonge vyangu nikidhani nimeruka dozi, nikavihesabu tena, vilikuwa sawasawa. Nilifunga safari hadi hospitali ya mjini, daktari akanisikiliza, akauliza kama kuna kilichobadilika mahali ninapoishi. Nikamwambia hakuna. Akasema tuongeze dawa kidogo tuone. Dawa ile ilinifanya mzito kama gunia lililonyeshewa. Nikawa nasahau nani kalipa. Wateja wakaanza kuninong'ona nikisikia: "Huyu dada anaisha." "Bora arudishwe kwao." Na kwetu nilikujua vizuri. Kaka yangu alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba nikizidiwa atakuja kunichukua, kuna chumba. Nilikijua chumba hicho na kile kitambaa cha usoni. Minza alikuwa ananikanda kwa maji, ananipikia uji mwepesi, hanitazami usoni. Nikamwambia, "Nikianguka leo usiniache." Akasema, "Sikuachi, Kabula," akatoka mbio kama mtu aliyeitwa, na hakuna aliyekuwa amemwita.

Ukweli uliletwa na Mzee Luhende, mwenye duara lililokuwa karibu yetu. Shimo lake lilikuwa halijampa kitu tangu mvua zianze, na alishaapa kwamba kuna mtu analeta manukato. Mchana mmoja akaja na vijana wake, wakaanza kupita kwenye majiko wakinusa. Wanaume wazima, wamepaka tope mpaka kwenye nyusi, wananusa wanawake mmoja mmoja kama mbwa wa polisi. Wakafika kwetu. Mimi nilikuwa nyuma ya magunia, nimelala, harufu imeshanijia na Minza ameshasema sinusi. Nikamsikia kijana mmoja akivuta pumzi, akasema kwa sauti, "Mzee, hapa! Karafuu hii!"

Niliinuka. Sitasahau nilivyoinuka. Maneno yale yalipita mwilini mwangu kama maji baridi: mtu mwingine ananusa. Ipo. Iko nje. Siumwi zaidi ya nilivyoumwa, sijaanza kuisha, sirudi kwenye chumba. Nilikuwa na furaha kwa muda wa pumzi moja. Ya pili ilinipeleka macho kwa Minza, ambaye alikuwa ameshika pembe ya kilemba chake na kuikunjakunja, na hapo nikajua harufu imekaa wapi na imekaa tangu lini.

"Huyu ndiye," Mzee Luhende akasema. "Afungashe leo. Jiko livunjwe."

Watu wanapenda kuniambia kwamba nilimtetea kwa upendo. Siyo kweli. Nilikuwa na hasira ya kuweza kung'oa nguzo za turubai. Lakini akiondoka yeye inaondoka pua, na mimi siachii mali kabla sijabishana. Nikasogea mbele, kichwa kinagonga, nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa pembeni, mgonjwa wewe."

"Nitakaa. Nina swali. Duara lako limetoa nini tangu mvua?"

"Mawe."

"Na kabla ya mvua, huyu hajapaka chochote, lilitoa nini?"

Akakohoa. "Mawe."

"Basi marashi yamekimbiza nini, mzee? Mawe?"

Vijana wake walicheka, wakanyamaza, wakacheka tena. Mzee Luhende alisema sheria ni sheria, atatozwa mbuzi dume. Nikasema mbuzi dume ni wa mtu aliyeua. Akasema basi jike. Nikasema jike wa nani, sisi tunauza dagaa. Tuliteremka taratibu, ngazi kwa ngazi, hadi kuku wawili, wapikwe na sisi, waliwe na vijana wa duara, na Minza akafue kilemba hadharani kwa sabuni ya mche. Nikajaribu kumtoa kuku mmoja. Mzee akasema, "Binti, usinichoshe," nikaona hapo pamefika.

Minza alifua. Mimi nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, upande unakotoka upepo, nikimtazama.

"Ungesema nanusa," nikamwambia. "Neno moja. Ningetoka nje nikapunga hewa. Basi."

"Ningesema nanusa, ungeniuliza inatoka wapi."

"Umeniona nalala chini kama maiti. Umeniona nakunywa dawa."

"Nimekuona." Alikuwa analia ndani ya povu. "Kabula, tangu tufike hapa sijapaka hata mafuta ya nazi. Nanuka moshi. Nanuka dagaa. Mtu akanipa tone, tone moja kwenye pembe ya kilemba. Nilitaka na mimi ninukie. Kila siku nasema leo ndiyo mwisho."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia na yote yalikuwa ya haki. Lakini lililonichoma halikuwa uongo wake. Lilikuwa lile tone. Kwamba kuna mtu alimtazama mwanamke anayenuka dagaa akaona anastahili waridi, na kwamba yeye akilipokea, linamfurahisha. Mimi tone lile lile lingeniangusha. Hata kama Ramadhani angekosea njia akaniletea mimi, nisingekuwa na pa kulipaka. Nikamwambia, "Suuza vizuri. Bado nakusikia." Akacheka huku analia, na tukaenda kuchinja kuku.

Mavuno yalipokwisha Ramadhani akamposa, akamchukua kwenda Ushirombo kufungua duka. Siku ya kuondoka alikuja hajapaka kitu, akasimama kwenye gogo bila kuambiwa. Nikamwambia, "Mchukue. Niachie pua." Akacheka, akasema, "Shemeji, pua haiuzwi rejareja." Nilibaki na turubai, nikakodi binti wa kushika moto. Nilijifunza kumuuliza yeyote aliyekuwa karibu, mchimbaji, mteja, mchungaji wa mbuzi: samahani, unanusa? Wengi walidhani nina wazimu, lakini walijibu kweli, maana hawakuwa na sababu ya kunidanganya. Hiyo nayo ilinifunza kitu nisichokipenda, kwamba asiyenipenda ndiye anayeniambia ukweli kwa urahisi.

Sasa Minza alikuwa dirishani pangu, na mkononi ametoa kichupa cha kioo chenye kizibo cha fedha kilichochakaa. "Rama alinichanganyia hiki kabla ugonjwa haujamlaza kitandani," akasema. "Ndiyo cha mwisho. Najipaka kila siku. Sinusi, lakini najua ipo. Tatizo, Kabula, hakiishi. Anazikwa, nakaa eda, inakwisha eda, mvua zinapita, mvua nyingine zinakuja, kichupa kipo pale pale. Nikimuuliza binti yangu anasema, mama, unatumia kidogo. Mimi najimwagia! Wewe mwenyewe umenusa."

"Kwa nini usimuulize mtu wa kwenu?"

"Wote wanasema ni ile ile. Wote wananipenda." Akakisogeza dirishani. "Wewe hukuwahi kuipenda."

Nilikitazama. Najua bei ya kuvuta kitu kile: ni kulala chumba cheusi mpaka kesho, na huenda zaidi. Nikamwita Mama Pili aje asimame karibu, endapo nitaanguka. Kisha nikainama, nikavuta. Nikavuta mara ya pili, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo. Waridi ilikuwepo. Ikafika, ikagonga katikati ya paji la uso kama nyundo, ikabaki hapo hapo. Nikasubiri izunguke. Nikasubiri karafuu, nyuma ya jicho la kushoto, nikiwa nimefumba macho, na naapa nilikuwa naiomba ije, mimi niliyeilaani mwaka mzima. Haikuja. Ilikuwa marashi ya dukani. Binti yake alikuwa anakijaza, kidogo kidogo, mama asione chupa ya baba inakauka.

Na wivu ukanishika tena pale pale, uzee huu: kwamba kuna mtu wa kumdanganya hivyo.

"Kabula," akasema. "Unanusa?"

"Nanusa waridi tu, Minza. Siyo yake."

Nilidhani ataanguka yeye badala yangu. Kisha akashusha pumzi ndefu, ya mtu anayetua ndoo. "Nilijua," akasema. "Basi nimekuwa nanukia mgeni." Akakifunga kichupa, akakirudisha ndani ya mkoba, taratibu, kama bado kina mwenyewe. "Usimwambie binti yangu." Nikasema sitamwambia. Akatazama bomba la maji kwenye kona ya ua. "Una sabuni ya mche?"

Nilimrushia kipande kupitia dirishani. Nikaenda kulala kwenye kapeti, kichwa kikigonga, macho yamefumbwa, nikimsikiliza akisugua shingo na mikono huko nje, akipiga chafya, akibishana na Mama Pili kuhusu nani anamaliza maji. Kisha mlango ukafunguka, siyo dirisha. Akaja akakaa chini, ubavuni pangu, akiwa hanukii kitu chochote isipokuwa sabuni ya kufulia.